Kirusi, umeme au chembe ya mafuta: kibebeo kipi cha tiba ya jeni ningemchagulia mwanangu

Siku ya kliniki ya selimundu hapa Mbeya tunakaa kwenye mabenchi toka saa moja asubuhi, na ikiwa ni mwezi wa sita na ule ubaridi wake wa kukata masikio unakuta watoto wamefungwa mablanketi wameachiwa macho tu, maana baridi na selimundu havipikiki chungu kimoja, ukizembea nguo usiku huohuo mifupa inaanza kuuma. Kliniki iliyopita baba mmoja katoka Vwawa na binti yake, akanisogelea na simu mkononi. "Mama samahani, nimesikia wewe ni mtu wa maabara. Hii tiba ya jeni wanasema kuna ya kirusi na kuna ya umeme, sasa mzazi anachagua ipi?" Kaniuliza kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyesimama duka la pembejeo Mwanjelwa anauliza mbegu. Nikamjibu maneno mawili matatu, jina la mwanangu likaitwa, nikaingia ndani. Ila swali lile limenikaa, na najua sio lake peke yake, kwaiyo naandika jibu lote hapa.

Mi ni wa maabara, sio daktari, na ni mama wa kijana wa miaka 9 mwenye selimundu. Hizi tiba hakuna hata moja inayotolewa Mbeya leo. Lakini kuna siku mzazi ataletewa fomu asaini, na siku hiyo hatakuwa na nafasi ya kuanza kujifunza, bora tujue sasa.

Tuanze na kwanini kibebeo kinahitajika. Jeni ni maelekezo yaliyoandikwa kwenye DNA, na ukichukua DNA tupu ukaidunga kwenye mshipa haifiki popote, damu ina vimeng'enya vinavyoikatakata, na hata ikifika kwenye seli inagongana na utando ambao una chaji hasi kama yenyewe, vinasukumana. Kwaiyo lazima kuwe na kitu cha kuibeba, kuificha, kuifikisha seli sahihi na kuifungulia mlango. Na ukifuatilia historia ya hii tiba toka miaka ya tisini utaona madhara makubwa, yale ya watu kufa au kupata saratani, mara nyingi yametokana na kile kilichobeba jeni na namna kilivyobeba. Ndo maana mzazi akiniuliza kuhusu tiba ya jeni mi namuuliza kwanza inabebwa na nini.

Na nikilinganisha vibebeo nina swali moja naliweka mbele ya mengine yote: kikishaingia mwilini kikaanza kuleta shida, kuna nini cha kukisimamisha? Wengine wanaanza na kinaingia kwenye seli ngapi kwa mia, ni swali zuri, ila mtu ambaye ameshuka na lori Mlima Nyoka au pale Iwambi hawezi kukuuliza injini ina nguvu kiasi gani kabla hajauliza breki.

Kibebeo cha kwanza wengi wetu tumekibeba begani bila kujua. Mwezi wa saba 2021 Tanzania ilipokea dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya korona ya Janssen, ile ya sindano moja, na wengi wa Nyanda za Juu Kusini ndo tuliyochanja. Ile ilikuwa adenovirusi, aina namba 26, ni ndugu wa virusi vinavyoleta mafua ya kawaida, wamemtoa uwezo wa kuzaliana na kumbebesha jeni la ile protini ya mwiba ya korona. Na kabla ya hapo watu wa Mbeya walikuwa wameshajitolea kwenye jaribio la chanjo ya UKIMWI linaloitwa RV172, lililofanyika Kampala, Kericho na hapa kwetu, nalo lilitumia adenovirusi, aina namba 5. Kwaiyo tusiongee kama haya mambo ni ya Ulaya tu.

Sasa adenovirusi ina faida, inabeba mzigo mkubwa, jeni zake zote zina urefu wa herufi kama 36,000, na inaingia kwenye seli nyingi kwa urahisi. Tatizo lake ni kelele. Inaamsha kinga ya mwili vibaya sana, ambayo kwenye chanjo ndo unachotaka, ila kwenye tiba ndo kinachoua. Septemba 1999 kijana wa Marekani wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alidungwa adenovirusi yenye jeni la kurekebisha ini lake kwenye mshipa unaoenda ini, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, siku ya nne akafariki, kinga yake ililipuka mwili mzima viungo vikaanza kuzima kimoja kimoja. Alipewa chembe za kirusi kama trilioni 38. Chanjo ya Janssen ilikuwa na chembe bilioni 50, yani kijana yule alipata zaidi ya mara 700 ya hiyo, tena moja kwa moja kwenye mshipa wakati sisi tulidungwa kwenye msuli wa bega. Nalisema hili kwa sababu kuna mtu atasoma hapa aanze kuogopa chanjo aliyochanja, hapana, dozi na njia ni vitu viwili vinavyobadilisha kila kitu. Hata chanjo hiyo ilileta tatizo la damu kuganda kwa watu wachache sana, na watafiti wakaona uso wa kirusi una chaji inayoweza kuvuta protini moja ya damu inaitwa PF4. Kwa tiba ya jeni ya kuingiza mwilini kwa wingi, adenovirusi naitoa kwenye orodha yangu. Iendelee na kazi ya chanjo.

Baada ya lile pigo watu wengi wakahamia AAV, na hapa nitakaa kidogo maana ndo kibebeo kinachosifiwa kuliko vyote. AAV ni kirusi kidogo mno, upana wake kama nanomita 25, hakijulikani kuleta ugonjwa wowote kwa binadamu, na sehemu kubwa ya DNA yake haijichomeki kwenye kromosomu, inakaa pembeni ndani ya kiini cha seli inafanya kazi yake. Kimeleta dawa za kweli kabisa: Luxturna ya macho 2017, Zolgensma ya watoto wenye misuli inayolegea kwa ugonjwa wa SMA 2019, Hemgenix ya himofilia B, ule ugonjwa wa damu kutoganda, 2022. Mtoto wa SMA ambaye zamani asingefika miaka miwili bila mashine ya kupumulia leo anakaa mwenyewe, na wengine wanatembea. Hilo siwezi kulipita kimyakimya, ni jambo kubwa sana.

Ila tukirudi kwenye breki. AAV ukishaidunga hairudishiki, na pia hairudiwi. Mwili ukikutana nayo mara ya kwanza unatengeneza antibodi nyingi kiasi kwamba dozi ya pili inakamatwa kabla haijafika popote, na kibaya zaidi sehemu kubwa ya watu duniani wameshakutana na AAV za asili utotoni bila kuugua, kwaiyo wanapimwa damu na kuambiwa hawafai kabla hata ya kuanza. Alafu mzigo wake ni mdogo. AAV haipigi lumbesa. Inabeba herufi kama 4,700 basi, ukizidisha haifungi. Jeni la distrofini, lile linaloharibika kwenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne, maelekezo yake ya protini peke yake yana herufi kama 11,000, kwaiyo wamelazimika kulikatakata wabaki na kijeni kifupi ndo kiingie.

Na dozi zake za kufika misuli mwili mzima ni kubwa mno. Zolgensma ni chembe trilioni 110 kwa kila kilo moja ya mtoto, na nyingi zinaishia kwenye ini hata kama wewe ulitaka misuli. Ndo maana mtoto anapewa prednisolone kabla na baada, kwa mwezi mzima au zaidi, na lebo ya dawa ina onyo kubwa la ini kushindwa kazi. Kwenye jaribio la ugonjwa mwingine wa misuli, la dozi za juu zaidi, watoto wanne wa kiume walifariki. Na 2025 vijana wawili wa Duchenne waliokuwa hawatembei tena walifariki kwa ini kushindwa baada ya kupewa Elevidys, dawa ya AAV. Mtu akikuambia AAV ni salama, mwulize salama kwa dozi gani na kwa kiungo gani, kwa sababu ile ya jicho ni tone dogo linalowekwa mahali pamefungwa, na ile ya misuli ni mafuriko, huwezi kuziita kitu kimoja.

Hapa ndo wale wanaobuni vibebeo wanapofanya kazi inayonipa moyo. Gamba la AAV limeundwa na protini 60 zilizopangwa kama mpira, na ukibadilisha vipande vidogo kwenye uso wake unabadilisha mlango gani wa seli kitagonga. Wanatengeneza mamilioni ya magamba tofauti, wanayaingiza kwenye mnyama, wanaokota yaliyofika kwenye msuli, wanarudia, ndo wakapata familia ya MyoAAV ambayo kwa wanyama inafika msuli kwa dozi ndogo zaidi, na dozi ikipungua ini linapumua. Wengine hawagusi gamba, wanaweka kwenye jeni lenyewe alama fupi inayosomwa na molekuli iitwayo miR-122 ambayo imejaa kwenye ini, seli ya ini ikiona hiyo alama inaharibu ujumbe, ila kwenye msuli jeni linaendelea kufanya kazi.

Na kuna funzo moja ambalo kila mwanafunzi wa chuo anayenipigia simu namwambia. 2016 lilipatikana gamba linaitwa PHP.B, lilikuwa linapenya kwenda ubongoni kwa panya ajabu, watu wakafurahi. Walipolipeleka kwa nyani halikufanya hivyo. Baadaye ikagundulika lilikuwa linashika protini inayoitwa LY6A kwenye mishipa ya panya wa aina fulani, sisi na nyani hatuna. Kwaiyo ukiona habari ya kibebeo kipya, tafuta kimejaribiwa kwenye nini. 2024 kundi hilohilo la watafiti lilikuja na gamba linaloshika mlango wa binadamu wenyewe, ule wa kuingizia chuma kwenye ubongo, wakaanza na mlango badala ya kuanza na panya, hiyo ndo namna.

Kwa selimundu lakini AAV ya kuingiza jeni naiweka pembeni, na sababu ni rahisi: seli shina za uboho, yani seli mama zinazozaa damu, na seli zinazotokana nazo zinagawanyika tena na tena, na DNA iliyokaa pembeni haigawanywi nazo, baada ya muda imeyeyuka kama chumvi kwenye ndoo ya maji. Kwenye ini la mtu mzima au msuli sawa. Kwenye damu hapana.

Sasa tufike alipouliza baba wa Vwawa. Kirusi alichosikia ni lentivirusi, na umeme ni ule wa CRISPR, mkasi wa kukata DNA mahali palipolengwa, zote mbili zilipata kibali Marekani siku moja, tarehe 8 Desemba 2023, Lyfgenia kwa lentivirusi na Casgevy kwa umeme, zote kuanzia miaka 12. Casgevy ilikuwa imeshakubaliwa Uingereza wiki tatu nyuma. Zinafanana zaidi kuliko watu wanavyodhani: seli shina za mgonjwa zinatolewa kwenye damu yake kwa mashine, zinapelekwa kiwandani, zinarekebishwa huko nje ya mwili, zinagandishwa, zinarudi, mgonjwa anapewa kemo kali ya busulfan kusafisha uboho wa zamani, kisha anarudishiwa seli zake. Kibebeo hakimgusi mgonjwa moja kwa moja na hiyo yenyewe ni breki ya kwanza, seli zinapimwa kabla hazijarudishwa, zikionekana mbovu hazirudi.

Tofauti ni hapo katikati. Lentivirusi inachomeka jeni jipya la himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni na ndo inayoharibika kwenye selimundu, ndani ya kromosomu, kwaiyo linadumu, kila seli inayozaliwa inalo. Ila linachomeka popote linapojisikia. Na kuchomeka hovyo kuna historia chungu: kwenye majaribio mawili ya Paris na London ya watoto waliozaliwa bila kinga, la Paris lilianza 1999 na la London 2001, yote kwa kutumia kirusi ndugu yake, tiba ilifanya kazi, watoto walitoka kwenye vyumba vya kujitenga, alafu watoto watano kati ya 20 wakapata leukemia, mmoja akafariki, kwa sababu kwa wengi wao kirusi kilichomeka karibu na jeni linaitwa LMO2 na kuliwasha lisizime. Wabunifu wakajifunza. Lentivirusi za sasa wamezinyofoa ile swichi kali ya pembeni, zinaitwa za kujizima zenyewe, na kwenye Lyfgenia jeni linaendeshwa na swichi ya himoglobini inayowaka kwenye seli zinazoenda kuwa chembe nyekundu tu. Bado lebo ina onyo la saratani ya damu na mgonjwa anafuatiliwa maisha yake yote. Na dawa ndugu yake ya ugonjwa wa ubongo, Skysona, iliyotumia swichi kali zaidi, ilitangazwa 2024 kuwa watoto 7 kati ya 67 walipata saratani ya damu. Swichi, jamani. Kibebeo ni kilekile, swichi iliyowekwa ndani ndo imetofautisha.

Alafu kuna jambo ambalo sijaona mtu analiongelea na kwa mikoa yetu ni kubwa. Lentivirusi imetengenezwa kutokana na virusi vya UKIMWI. Imenyofolewa jeni zote za kuzaliana, sehemu zake wamezigawa kwenye vipande tofauti ili zisikutane tena, haiwezi kumpa mtoto UKIMWI, hilo ni la uhakika. Ila vipande vinavyobaki kwenye kromosomu vinaweza kufanya kipimo cha PCR cha VVU, kile kinachotafuta jeni za kirusi chenyewe, kisome chanya wakati mtoto hana VVU, na hilo limeandikwa kwenye lebo yenyewe ya Lyfgenia. Sasa tukae tufikirie, Njombe, Iringa na Mbeya ndo mikoa yenye maambukizi ya juu kabisa nchini, upimaji uko kila mahali, mtoto huyu atakua, atahama, ataenda bweni, atajifungua, na siku moja mtu wa maabara kama mimi asiyejua historia yake atatoa jibu la PCR. Unajua jibu kama hilo linafanya nini kwenye familia? Vipimo vya haraka vya kutoboa kidole vinatafuta antibodi, hivyo havina tatizo hilo, lakini ningetaka mtoto wa namna hii abebe kadi maisha yake yote na kila kituo kijue ni kipimo gani cha kumpima.

Umeme nao uko hivi. Seli zinawekwa kwenye kimiminika pamoja na protini ya Cas9, ambayo ndo mkasi wenyewe, na mwongozo wake wa RNA unaoionyesha pa kukata, inapigwa mshtuko mfupi wa umeme, utando wa seli unafunguka vitundu kwa muda mfupi, mzigo unaingia, vitundu vinajifunga. Hakuna kirusi hata kimoja. Mkasi unakata mahali pamoja kwenye swichi ya jeni la BCL11A, ambalo kazi yake ni kuzima himoglobini ya kichanga, likizimwa lenyewe ile himoglobini ya utotoni inarudi. Wazazi wa selimundu tunaijua hii bila kusoma, mtoto anazaliwa mzima anacheka, akifika miezi sita hivi ndo vidole vinaanza kuvimba, ni kwa sababu himoglobini ya kichanga ilikuwa inamlinda na imeondoka. Na mkasi wenyewe baada ya siku chache umeshavunjwavunjwa na seli, haubaki. Hiyo kwangu ni breki nzuri kuliko zote nilizotaja mpaka hapa.

Hasara yake ni kwamba umeme unaua sehemu ya seli, kwaiyo lazima zikusanywe nyingi, na mgonjwa wa selimundu hawezi kupewa ile dawa ya kawaida ya kusukuma seli kutoka kwenye uboho maana inaweza kumletea krisisi mbaya, yale maumivu makali ya selimundu, anapewa plerixafor, mara nyingi anarudia kukusanywa zaidi ya mara moja. Na mkasi unaweza kukata pasipotakiwa. Kuna watafiti walionyesha kwamba ipo tofauti ya herufi moja, inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, ambayo inafungua sehemu nyingine mkasi huu unaweza kuigusa. Hatuna ushahidi kwamba imemdhuru mtu. Ila ramani za jeni zinazotumika kukagua mikasi hii kwa sehemu kubwa sio zetu, wakati ugonjwa kwa sehemu kubwa ni wetu, na hilo linaniuma.

Matokeo? Casgevy, watu 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila krisisi kali. Lyfgenia, 28 kati ya 32 hawakupata krisisi kabisa kati ya mwezi wa 6 na wa 18. Ziko karibu sana, usichague kwa hizo namba. Kama leo mtu angeniambia chagua moja kati ya hizi mbili kwa kijana wako akifika miaka 12, ningechukua umeme, kwa ile sababu ya mkasi usiobaki na ile ya PCR. Ila busulfan iko pande zote mbili, na busulfan inaweza kumnyima mtoto uzazi, mzazi asikubali kuambiwa hilo mwishoni.

Bei nazo, dola milioni 2.2 kwa Casgevy na milioni 3.1 kwa Lyfgenia. Siongezi neno hapo.

Kinachobaki ni chembe ya mafuta, na hapa moyo wangu uko wazi. Ni kipovu cha mafuta ya aina nne: moja linabadilika chaji, moja la kusaidia umbo, kolesteroli, na moja lenye mkia wa PEG wa kuifanya isishikane na wenzake. Lile la kwanza ndo lenye ubunifu wote. Kwenye damu halina chaji, haligombani na mtu, ila likishamezwa na seli kwenye kile kifuko chenye asidi linapata chaji chanya, linapasua ukuta wa kifuko na mzigo unamwagika ndani. Mafuta ya zamani yalikuwa na chaji chanya muda wote na yalikuwa yanaumiza seli, kwaiyo usalama wote umetokana na kuchagua molekuli inayojua iwake wapi. Bado sehemu ndogo tu ya mzigo inafanikiwa kutoka kwenye kifuko, asilimia moja au mbili hivi, iliyobaki inasagwa, hapo kuna kazi ya kutosha watafiti kumi.

Kwanini naipenda? Kwanza inabeba mRNA, ujumbe wa muda wa jeni, ambayo inaisha ndani ya siku chache. Pili inarudiwa. Mtoto anaitwa KJ Muldoon, Philadelphia, alizaliwa na ini lisiloweza kuondoa amonia, wakamtengenezea mkasi wake peke yake ndani ya miezi sita, wakampa kwa chembe za mafuta kuanzia Februari 2025, dozi ya kwanza ndogo, wakaangalia, wakaongeza ya pili, wakaangalia, wakaongeza ya tatu. Hiyo kupanda polepole na kusimama ukitaka huwezi kuifanya kwa AAV. Tatu haina gamba la kirusi, haina DNA ya kujichomeka. Sio kwamba haina madhara, inaweza kuleta homa siku ya kudungwa, ini linaweza kuwaka, na wengine wana antibodi dhidi ya PEG, hivyo vinafuatiliwa.

Tatizo ni kwamba inapenda ini. Ikiingia kwenye damu inashikwa na protini inaitwa ApoE na kupelekwa ini moja kwa moja, na sisi tunataka uboho. Kuna wanaoongeza mafuta ya tano yenye chaji ili yabadilishe njia, yakaenda mapafu au bandama. Na 2023 watafiti wa Philadelphia walibandika juu ya chembe antibodi inayoshika CD117, alama iliyoko kwenye seli shina za damu, na kwa panya mzigo ukafika kwenye uboho bila kemo. Ni panya, nakumbuka ya PHP.B, sijasahau. Lakini fikiria hiyo ikikamilika: sindano ya mshipa, hakuna mashine ya kuchuja seli, hakuna busulfan, hakuna kusafirisha seli za mtoto kwenda ng'ambo kwenye nitrojeni ya maji na kuzisubiri miezi.

Na hapo ndo suala la kufika Mbeya linaamua. Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi jenereta ilikufa wikendi, Jumatatu tukakuta friji zima la sampuli limeyeyuka, kazi ya miezi. Kitu kinachohitaji mnyororo wa baridi wa hatua nane kitavunjika kwenye mojawapo. Chembe za mafuta nazo zinataka baridi, ila tumeshawahi, chanjo za mRNA zilikuja nchini na mafriji ya nyuzi 80 chini ya sifuri yapo hapahapa Mbeya kwenye maabara za utafiti. Upande wa umeme na lentivirusi nao sio kwamba hatuwezi kabisa, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma inapandikiza uboho kwa watoto wa selimundu toka 2023, kwaiyo wanaojua kumlinda mtoto asiye na kinga baada ya kemo wapo nchini. Ila vitanda vya namna hiyo ni vichache, na watoto wanaozaliwa na selimundu Tanzania ni maelfu kila mwaka.

Kwa vijana wa chuo mnaoniuliza msomee nini, mkitaka kuwa karibu na mgonjwa wa kwetu nendeni kwenye mafuta na kwenye kulenga uboho, na mkitaka jicho, misuli au ubongo nendeni kwenye magamba ya AAV, kote kuna kazi ya maana. Kujifunza lentivirusi pia sio hasara, mkono unaojua kuhesabu imechomeka mara ngapi kwa kila seli unahitajika popote.

Na kwa baba wa Vwawa. Dozi ya haidroksiurea ya binti yako usiiruke, chandarua usiku, maji mengi, na kile kidaftari cha kuandika kila alipoongezewa damu tarehe na chupa ngapi endelea nacho, maana hizi tiba zote wanakataa mtu ambaye ini, figo au moyo vimeshachoka, na daktari atakayekuja kuamua kama anafaa ataanza kwa kuuliza hayo. Kliniki ijayo nitakaa benchi lilelile la karibu na dirisha la dawa, njoo na hicho kidaftari tukipitie pamoja.